Nyumba ya Vyumba Viwili na Mpango Wake

Kila mwaka korosho zikiisha kuuzwa mnadani, na fedha zikiisha kuwafikia wakulima kwa njia ya vyama vyao vya msingi, barabara ya kutoka Masasi kwenda Newala hujaa vitu vya nyumbani. Mabati, milango, makochi na makabati yenye vioo vyote vyapita juu ya magari na pikipiki. Twafurahi kuviona, maana mtu atengenezaye nyumba yake ana nia ya kukaa. Walakini tumekaribishwa katika nyumba nyingi za wilaya hizi mbili, na mara kwa mara tumekuta jambo moja. Makochi manne yamejaza ukumbi hata mgeni hana pa kupitishia magoti, na nyuma ya pazia, katika chumba cha kulala, mna mafiga, kuni, magunia ya mahindi, kuku na kitanda, na boriti zote za juu ni nyeusi kwa moshi.

Watu husema, "Nyumba yetu haitoshi." Sisi twaona kwamba nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, kila chumba futi 10 kwa 10, yaweza kuwatosha watu sita wakae kwa raha, ikiwa imepangwa. Na kupanga si kununua vitu tu. Kuna kazi zinazopaswa kutangulia na kazi zinazopaswa kufuata, na mwenye kuanza na ile ya mwisho hupoteza fedha, na pengine hujiletea hatari ambayo hakuwa nayo zamani.

Ili jambo hili lieleweke yatupasa kwanza kuitazama nyumba ya asili. Mwaka 1906 mtaalamu Mjerumani, Karl Weule, alifika Masasi na Newala, na kitabu chake kilichotolewa mwaka 1908 chaeleza maisha ya Wayao, Wamakua na Wamakonde aliowakuta, na nyumba zao pia. Nyumba hizo zilijengwa kwa nguzo na mianzi, zikakandikwa udongo, zikaezekwa nyasi. Ndani palikuwa na giza, na moto uliwaka karibu na kitanda. Vijana wa leo huzicheka, lakini wazee hawakuwa wajinga. Moto ule uliwapa joto katika baridi ya Juni na Julai, ambayo mtu aliyelala Newala wakati wa upepo aijua vema. Moshi wake uliikausha nyasi ya paa, ukawazuia wadudu wasile mbegu zilizotundikwa juu. Na kati ya ukuta na paa uliachwa mwanya, moshi ukatoka. Moto, mwanya na nyasi vilikuwa jamaa moja, kila kimoja kikimsaidia mwenziwe.

Sasa jamaa hiyo imevunjika. Mtu huondoa nyasi akaweka bati, akajenga kwa matofali hata juu kabisa, akaziba mwanya, lakini moto ameuacha ndani palepale. Moshi hauna pa kutokea. Tumemwona bibi mmoja aliyejengewa nyumba nzuri na wanawe, akarudi kulala katika kibanda chake cha zamani kwa sababu ile mpya ilimchoma macho. Wanawe walidhani kwamba ni ukaidi wa uzee.

Basi kazi ya kwanza, kabla ya bati na kabla ya kochi, ni kuutoa moto nje. Shirika la Afya la Dunia lakadiria kwamba mwaka 2020 watu wapata 3,200,000 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kati yao walikuwamo watoto wadogo, maana moshi huyadhoofisha mapafu hata homa ya mapafu ikapata njia. Banda la jiko halihitaji fedha nyingi. Futi 8 kwa 8 zatosha. Kuta zikandikwe mpaka kifuani tu, na juu yake iwe mianzi iliyopangwa kwa nafasi, ili upepo upite. Liwe mbali na nyumba hatua kumi au zaidi, wala lisiwekwe upande ambao kusi itazirusha cheche zake juu ya paa la nyasi. Na kwa kuwa wazee wasema kweli katika habari ya mbegu, mahindi ya mbegu yatundikwe humo jikoni, juu ya mafiga, yapate moshi wao pasipo watoto kuuvuta. Tena asishauriwe baba peke yake mahali pa kulijenga. Mwenye kukaa humo kutwa ndiye ajuaye mvua hupigia upande gani.

Hapa twataka kuonya kwa nguvu. Watu waliokwisha kuziba mianya ya nyumba, baridi ikiwapata, huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa hauna moshi, kwa hiyo hudhani hauna dhara. Lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini bila ya kumwamsha. Katika nyumba ya zamani yenye mwanya jambo hili lilikuwa nadra. Katika nyumba mpya ni hatari kweli kweli. Afadhali kununua blanketi la pili.

Moto ukiisha kutoka, ndipo yafaa kuuziba mwanya ulio juu ya ukuta. Mbu waenezao malaria hupenda sana kuingilia hapo, kuliko mlangoni. Uzibwe kwa udongo na vipande vya matofali, lakini mwenye paa la bati aache nafasi katika kuta mbili za pembe tatu zilizo juu, moja kila upande, azifunike kwa wavu wa waya. Hewa ya moto itatoka na mbu hataingia. Bati hushika joto la jua, na asiyeweka dari hupikwa mchana. Dari ya mikeka, au ya mianzi iliyopasuliwa na kufumwa, yafanya kazi hiyo vema, na mafundi wake wako hapa hapa. Chandarua kisiachwe kwa kuwa nyumba imezibwa.

Madirisha nayo. Nyumba nyingi huku zina tundu moja dogo, na sababu yake ni baridi na wezi. Twazikubali sababu hizo. Lakini dirisha moja si dirisha, kwa maana hewa iingiayo haina pa kutokea. Yawe mawili, yaelekeane, kila moja futi 2 kwa 2, yenye wavu, nondo na mbao za kufunga usiku. Mwenye ukuta wa udongo asitoboe kwa haraka. Atafute nafasi kati ya nguzo mbili, aweke kwanza kipande cha mti mgumu juu ya mahali atakapotoboa, ndipo aukate udongo ulio chini yake. Tumeona ukuta mzima ukianguka kwa sababu nguzo moja ilikatwa ili dirisha likae katikati na kupendeza.

Sakafu twaitaja kwa urefu kidogo, kwa sababu hudharauliwa. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliichunguza homa ya papasi katika nchi yetu, akaona kwamba huletwa na wale papasi wakaao katika udongo mkavu wa sakafu za nyumba na za mabanda ya wasafiri. Mchana papasi hujificha katika nyufa, usiku hutoka kuuma walalao chini. Funza naye hupenda vumbi. Kwa hiyo sakafu isiwe na vumbi wala ufa. Asiyeweza kununua saruji achukue udongo wa kichuguu, auponde, auchanganye na mchanga kidogo, aumwagie maji, aushindilie tabaka kwa tabaka mpaka sakafu iwe juu ya uwanja kwa inchi 9. Ikikauka ipakwe udongo laini, na upakaji urudiwe kila ufa uonekanapo. Watu wa Masasi wana bahati ya mawe chini ya vilima vyao, na msingi wa mawe huuzuia ukuta usilowe, tena humfanya mchwa aonekane apandapo. Huko juu Newala mawe ni shida, na wengi hutumia matofali ya kuchoma kwa kazi hiyo.

Sasa twaweza kusema habari ya vyombo. Katika chumba cha futi 10, kitu kilichowekwa sakafuni hula nafasi ya mtu, na kitu kilichotundikwa hakili chochote. Basi mwenye nyumba ya namna hii na auangalie ukuta wake. Ubao mmoja juu ya vigingi viwili huchukua vitabu vya watoto, taa na vikombe. Kamba au ufito uliofungwa pembeni hubeba nguo. Kitanda kiinuliwe futi 1 na nusu, masanduku yakae chini yake, lakini yasiguse ukuta, ili mfagio upite na papasi wakose maficho. Watoto wakiwa wanne, seremala aweza kuwatengenezea vitanda vya juu na chini kama vile vya bweni, na chandarua kimoja kirefu kikavifunika vyote viwili. Ukumbini, benchi moja la ukutani lenye mfuniko hukalisha watu wanne na ndani yake hutiwa mashuka na majembe. Makochi manne hukalisha watu wanne vilevile, wala hayaweki kitu ndani, na panya huzaa humo. Nchi iliyozaa mafundi wa kuchonga mpingo wanaojulikana ulimwenguni haikosi mtu wa kutengeneza benchi. Hatumkatazi mtu kochi lake. Twasema liwe la mwisho, tena moja.

Magunia ya mahindi na ya korosho yasilale na watu. Panya huyafuata, na nyoka humfuata panya. Mahindi yawekwe katika kihenge cha nje chenye miguu, na kila mguu uvikwe kipande cha bati kilichopinduliwa kama mwavuli, panya asipande. Korosho zikisubiri kupelekwa ghalani zikae juu ya uchaga wa miti, mahali pakavu, kwa maana zikipata unyevu daraja lake hushuka, na fedha za kulitengeneza banda zaondoka kabla hazijaja.

Limebaki jambo la maji, nalo lawahusu zaidi watu wa Newala. Uwanda wa Makonde hauna mito. Weule alieleza jinsi wanawake walivyoshuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani, na ingawa maji ya mashine yalianza kupandishwa juu katika miaka ya 1950, kila mwenyeji ajua siku za bomba kukauka. Mwenye paa la bati ana chemchemi juu ya kichwa chake. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Mvua ya mwaka ikiwa milimita 900, hutoa lita 43,200, na tukitoa sehemu moja ya tano kwa maji yanayomwagika, zabaki lita 34,560. Nyumba itumiayo ndoo tano za lita 20 kila siku yahitaji lita 18,000 kwa siku 180 za kiangazi. Shimo la saruji lenye upana wa mita 3 na kina cha mita 2 na nusu hutunza karibu kiasi hicho. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii, kila mmoja apime paa la kwao.

Asiyeweza kuchimba mwaka huu aweke mlizamu upande mmoja na pipa chini yake, ajue tu kwamba pipa la lita 200 ni maji ya siku mbili. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, maana huosha vumbi na mavi ya ndege juu ya bati. Wavu uwekwe mahali maji yanapoingilia, mbu wasizae humo. Na mdomo wa shimo uwe na kifuniko kizito chenye kufuli, kisichoweza kuinuliwa na mtoto, na ufunguo ukae kwa mtu mzima mmoja anayejulikana.