Kwa nini jina lako linarudi na alama za ajabu

[Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Msikilizaji wetu, ulipo Nyarugusu, Nakivale, Mahama au Kakuma, leo nazungumza na wewe uliyejaza fomu kwa simu, labda ya masomo, labda ya kumtafuta ndugu. Uliandika jina lako kama lilivyo kwenye karatasi: Béatrice. Ujumbe wa kuthibitisha ukaja umeandikwa BÃ©atrice. Moyo ukashtuka. Je, nimekosea? Je, watasema karatasi zangu ni za uongo?

Hukukosea. Nikueleze kilichotokea.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Mpango wa namba uliotoka Marekani mwaka 1963, unaoitwa ASCII, ulikuwa na nafasi 128 tu. Kiingereza kilitosha humo, na Kiswahili chetu pia, lakini é ya Kifaransa haikupata kiti. Baadaye ikaja mipango mingine, na mwaka 1992 ukabuniwa ule unaotumika zaidi siku hizi, UTF-8. Humo é inafungwa katika vifurushi viwili. Basi kompyuta ya ofisi ikifungua kila kifurushi peke yake, kwa desturi ya zamani, inaona herufi mbili: Ã na ©. Jina lako halijapotea. Limefunguliwa vibaya na aliyelipokea.

Sasa tuje kwenye linki. Anwani ya intaneti inakubali alama chache: herufi za kawaida A hadi Z, tarakimu, na vialama vichache. Vingine vyote hufungwa kwa alama ya asilimia, ikifuatwa na tarakimu au herufi mbili. Nafasi tupu inakuwa %20. Ritifaa, ile ya kwenye ng'ombe, inakuwa %27. Na é yetu, kwa kuwa ni vifurushi viwili, inakuwa %C3%A9. Kwa hiyo ukiona linki imejaa asilimia, usidhani imeharibika. Inayoharibika ni ile iliyoachwa na nafasi tupu katikati: kwenye WhatsApp utaona rangi ya buluu inakatikia njiani, na ukibofya unafika pasipo. Mwombe aliyekutumia aikopi upya kutoka kwenye tovuti yenyewe. Kuiandika kwa mkono ni kujitafutia taabu.

[Muziki mfupi.]

Alama inayosumbua watu wengi zaidi ni ya kujumlisha. Fomu inaposafiri, nafasi tupu mara nyingi hugeuzwa kuwa +. Kwa sababu hiyo + yenyewe lazima ifungwe, iwe %2B. Kivinjari cha simu yako kinafanya hivyo bila kuulizwa. Lakini kama mtu ametengeneza linki kwa mkono na kuweka +243 bila kuifunga, kompyuta ya upande wa pili inasoma nafasi tupu, kisha 243. Mifumo mingine hapo hukataa namba nzima, na wewe unangoja simu isiyopigwa. Fomu ikikataa +, jaribu kuandika 243 na namba yako bila +, na bila sifuri ya mwanzo. Ndivyo hata linki za wa.me za WhatsApp zinavyotaka.

Alama ya # nayo ina ujanja wake. Ikiachwa wazi ndani ya linki, chochote kinachoifuata hakitumwi kabisa. Mtu akiweka humo "Blok #14", ofisi itapata "Blok" tu.

Rudi kwenye jina, maana hapo ndipo penye hatari. Watu wengine wakiona jina limeharibika wanajisajili tena kwa tahajia nyingine. Usifanye hivyo. Utakuwa na faili mbili, na siku ya kuhakikiwa utaulizwa wewe ni yupi. Andika jina kama lilivyo kwenye hati yako. Kama wewe ni N'simba, angalia pia kibodi ya simu: nyingine hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Karani akitafuta kwa moja, huenda asikuone kwa nyingine.

Jina likirudi limeharibika, piga picha ya skrini, tunza namba ya ombi, kisha nenda kwa karani na hati yako mkononi. Mwambie: "Herufi yangu yenye alama imesomwa vibaya, naomba mrekebishe kwenye faili lilelile." Kama una hati ya kusafiria inayosomwa na mashine, mwonyeshe mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha. Pale, kwa kanuni za kimataifa, hakuna ritifaa wala é. N'simba anaandikwa NSIMBA, na Béatrice ni BEATRICE. Ni mtu yuleyule, kwenye hati ileile.

Ukiwa huna simu ya intaneti na jirani amekujazia, mwombe akusomee ujumbe wa kuthibitisha herufi kwa herufi kabla hajaufuta.

[Muziki wa kufunga.]