Gofu Chini ya Dari: Desturi za Majira ya Baridi Minnesota

Minnesota ni jimbo la kaskazini mwa Marekani, jirani wa Kanada, na watu wake wanaipenda gofu kwa dhati. Bobby Jones alishinda US Open ya 1930 katika uwanja wa Interlachen, viungani mwa Minneapolis, mwaka ule ule alipotwaa mataji yote manne makubwa ya zama zake. Mwaka 2009, katika uwanja wa Hazeltine ulioko Chaska, Y. E. Yang wa Korea Kusini alimshinda Tiger Woods, akawa mwanamume wa kwanza kutoka Asia kutwaa taji kubwa la gofu. Lakini kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Machi, na miaka mingine hadi katikati ya Aprili, viwanja hivyo havichezeki. Theluji huvifunika, udongo huganda, na Desemba jua huzama saa kumi na nusu. Mchezaji wa Nairobi au Arusha, ambaye masika humzuia siku mbili tatu kisha akarudi uwanjani, itambidi afikiri kidogo ili aelewe maana ya kufungia fimbo stoo miezi mitano mfululizo.

Ni katika miezi hiyo mitano ndipo yanapoishi mambo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Nyuma ya baa, ndani ya ghala la zamani, au katika ukumbi wa klabu yenyewe, hujengwa vibanda vya kupigia. Chini pana zulia la nyasi bandia, mbele skrini ya kitambaa kigumu, juu projekta, na pembeni au darini kifaa cha kupimia, ama rada, ama kamera za kasi kubwa. Mpira unaopigwa ni wa kweli, wenye uzito usiozidi gramu 45.93 kama kanuni zinavyotaka, na fimbo ni zile zile za kiangazi. Mpira hugonga skrini na kuanguka hatua chache mbele ya mpigaji. Kifaa kimekwisha kusoma kasi, pembe na mzunguko wake, na programu humalizia safari kwa picha, mpira ukaonekana unavuka ufuko wa Pebble Beach kule California au kuteremkia karibu na daraja dogo la mawe la St Andrews kule Uskoti, huku nje ya mlango magari yakiwa na vioo vilivyoganda barafu.

Mashine hizi, ziitwazo simuleta, ziko kila mahali sasa. Korea Kusini, nyumbani kwa kampuni ya Golfzon iliyoanzishwa mwaka 2000, watu wengi hucheza hivi mwaka mzima kwa sababu ardhi ni haba na ada za viwanja halisi ni kubwa. Florida, ambako theluji ni nadra sana, Tiger Woods na Rory McIlroy walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa TGL, ligi ya wachezaji wa kulipwa iliyoanza Januari 2025 mbele ya kamera za televisheni. Hayo yana wasimulizi wake. Mimi ninavutwa na ligi ndogo za Jumanne usiku, za fundi bomba, mwalimu, nesi na mstaafu, katika miji ya Minnesota, Wisconsin na Michigan. Mchezo wao unatumia teknolojia mpya, lakini utaratibu unaouendesha ni wa kale kuliko teknolojia hiyo.

Asili ya utaratibu huo ni boling, mchezo wa kuviringisha mpira ili kuangusha pini. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mji wa kawaida wa ukanda huu ulikuwa na ukumbi wa boling na ligi zake: ya kiwanda, ya kanisa, ya wanawake, ya wanandoa. Kila ligi ilikuwa na usiku wake usiobadilika, katibu wake, orodha ya wachezaji wa akiba, handikapu (nyongeza ya alama inayowasawazisha wachezaji wa viwango tofauti), mfuko wa michango, na karamu ya kufunga msimu. Mwanazuoni Robert Putnam, katika kitabu chake Bowling Alone cha mwaka 2000, alionyesha kwamba kati ya 1980 na 1993 idadi ya Wamarekani wanaocheza boling ilipanda kwa asilimia 10, huku wanaoicheza katika ligi wakipungua kwa asilimia 40. Mchezo ulibaki, ushirika ukapungua. Ninapotazama ligi ya gofu ya ndani naona ushirika ule umepata mahali pengine pa kukaa. Usiku usiobadilika upo, katibu yupo, akiba wapo, mfuko upo, na karamu ipo.

Katibu ndiye roho ya jambo lenyewe. Ukitaka kujua kama ligi itadumu usiulize aina ya mashine. Muulize katibu ni nani. Kazi yake huanza siku zikiwa bado za joto, anapoandikisha timu, mara nyingi za watu wawili wawili. Hupanga ratiba ya majuma kumi au kumi na mawili, kwa kawaida kuanzia baada ya Mwaka Mpya. Huziruka siku ambazo hakuna atakayekuja, kama Jumapili ya Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, mwezi Februari. Kila juma timu mbili hukutana kibandani na kucheza mashimo tisa, kazi ya saa moja na nusu hadi mbili kwa watu wanne. Baadhi ya ligi huwapa wachezaji juma zima wajichagulie siku. Ni rahisi kwa wenye kazi za zamu, ila nadhani ligi ya namna hiyo hupoteza nusu ya maana yake, kwa kuwa watu hawaonani wote pamoja.

Kisha kuna mipangilio, na hapa ndipo ugomvi wa kila mwaka ulipo. Uwanjani, upepo hauna mwenyewe. Ndani, upepo ni uamuzi wa mtu. Katibu ndiye anayeamua uvume kwa nguvu gani, grini (maeneo ya nyasi fupi yenye mashimo) ziwe ngumu au laini, bendera ziwekwe wapi, na wachezaji waanzie umbali gani. Akikosea, anayecheza Alhamisi atakutana na uwanja tofauti na aliyecheza Jumanne, na matokeo ya juma zima yatakuwa hayana haki. Kwa hiyo katibu makini huandika mipangilio yote mapema, huibandika ukutani, na hakubali ibadilishwe hata na mwenye baa. Uchaguzi wa viwanja nao ni siasa. Kila mtu anataka Pebble Beach angalau mara moja kwa msimu, kwa ajili ya shimo la saba, fupi lisilofika mita 100 na lililozungukwa na bahari, ambalo wengi wao hawatalikanyaga maishani. Ila vijana wenye nguvu hudai viwanja virefu, wazee hudai vifupi, na katibu hugawanya majuma ili kila kundi lipate chake.

Mjadala mkubwa kuliko yote ni juu ya kusukuma mpira shimoni. Zulia ni tambarare na lina urefu wa hatua chache, ilhali skrini inadai kwamba grini ina mteremko na shimo liko mbali. Mchezaji aliyezoea kusoma majani kwa miguu na macho hupotea kabisa. Ligi nyingine huamuru kwamba mpira ukilala ndani ya futi sita, nane au kumi uhesabiwe umeingia kwa mkwaju mmoja zaidi. Nyingine huiachia mashine ihesabu yenyewe mikwaju kulingana na umbali, na hakuna anayeshika fimbo ya kusukumia. Njia hii ya pili huokoa muda, na mwenye baa huipenda. Mimi siipendi. Mchezaji dhaifu au mwenye umri mkubwa, ambaye hawezi tena kurusha mpira mbali, grini ndiyo sehemu pekee anapoweza kumsumbua kijana. Ukiiondoa, umemwondoa na yeye, na atagundua hilo kabla hujamwambia.

Halafu kuna mpira ambao mashine haikuuona. Hutokea kwamba mtu amepiga vizuri, sauti imesikika, skrini imetikisika, na kifaa kimenyamaza. Hilo ni jepesi, kwani ligi nyingi huruhusu upigwe tena. Tatizo ni mpira ulioonekana vibaya: mkwaju safi ukasomwa kama umekatika kulia ukatumbukia majini, au mkwaju mbovu ukasomwa kama wa bingwa. Desturi niipendayo ni ile isemayo kwamba timu zote mbili zikubaliane kabla mpira unaofuata haujapigwa. Zisipokubaliana, neno la mashine linasimama. Mpinzani aliyefaidika na kosa la mashine ndiye hutazamwa kwanza. Akisema, “Hapana, huo ulikuwa mzuri, piga tena,” habari zake huenea meza zote kabla ya usiku kuisha. Akinyamaza, ukimya wake nao huenea. Hakuna kamera inayopima jambo hilo, na katika jamii hii ndogo sifa ya mtu hujengwa hapo zaidi ya kwenye umbali wa mipira yake.

Handikapu ina tabu yake. Mfumo wa handikapu wa dunia, ulioanza kutumika 2020, haupokei alama za simuleta, hivyo ligi hulazimika kutengeneza handikapu yake kutokana na matokeo ya majuma ya mwanzo. Yupo kila mahali mtu anayecheza ovyo kwa makusudi mwanzoni ili apewe handikapu kubwa, kisha mwezi Machi akafufuka. Makatibu humdhibiti kwa kuweka kikomo cha kiasi ambacho handikapu inaweza kupanda, au kwa kuyatupa matokeo mabaya kupita kiasi. Dawa kali zaidi ni maneno ya meza za jirani. Fedha zinazoshindaniwa ni kidogo: mchango wa kila shimo, ambao huchukuliwa na mwenye alama bora peke yake na wakifungana husogezwa hadi shimo linalofuata, pamoja na zawadi ya aliyeupeleka mpira karibu zaidi na bendera. Kwa fedha hizo mtu hanunui hata fimbo moja mpya, na ndiyo maana anayedanganya kwa ajili ya fedha hizo huonekana mdogo sana.

Kibandani kuna adabu ambayo mgeni hufundishwa usiku wa kwanza. Buti zilizokanyaga theluji huvuliwa mlangoni, kwa sababu barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke na mchanga ili zisiteleze, na mchanga huo ukifika kwenye zulia huliharibu. Fimbo haziachwi garini usiku kucha, wala mipira. Mpira uliolala kwenye baridi kali huwa mgumu na hauruki. Mpira wenye tope au uliochorwa kwa wino mbichi haupigwi, maana huacha doa kwenye skrini. Hakuna anayepita mstari wa mpigaji mpaka fimbo imeshuka. Na mashoto wana tabu ya pekee. Kifaa kingine hakiwasomi vizuri mpaka kihamishwe, na kibanda chembamba hakiwapi nafasi ya kuzungusha fimbo bila kugonga ukuta. Katibu mwenye huruma huwapanga mashoto kwenye kibanda kipana na kuwapa dakika za ziada. Asiyejali huwaacha wahangaike, na msimu unaofuata hawaonekani.

Watu hawaji kwa ajili ya mpira peke yake. Wajenzi, wapanda bustani, watu wa lami na hata watunza viwanja vya gofu hupungukiwa kazi ardhi inapoganda. Mjane na mtaliki hukaa nyumbani na giza linaloanza alasiri. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walichapisha maelezo ya huzuni inayorudi kila majira ya baridi na kuondoka na mwanga wa majira ya kuchipua. Huku kaskazini watu walikuwa wameijua siku zote bila jina la kitabibu. Mtu wa Minnesota si mwepesi wa kufungua moyo ana kwa ana. Lakini watu wanne waliokaa kwenye kochi moja wakitazama skrini, mmoja akipiga na watatu wakisubiri, wamo katika hali inayoruhusu kusema. Habari ya mgonjwa, ya mtoto aliyeacha chuo, ya biashara inayoyumba, hutoka kati ya shimo la nne na la tano, bila mtu kumwangalia mwenzake usoni. Sahani ya mabawa ya kuku au bakuli la chili la moto hupita mkono kwa mkono. Asipotokea mtu bila taarifa, mwenzake wa timu hupiga simu usiku ule ule, na wote wanajua kuwa haulizii alama.

Kuna kilichopotea pia. Hakuna kutembea, na gofu bila kutembea imekatwa mguu mmoja. Hakuna kedi wa kukuonya kwamba majani yamelala upande ule, wala mpira wa kutafuta vichakani pamoja na mpinzani wako, tendo ambalo katika viwanja vyetu vya Afrika Mashariki huzaa nusu ya urafiki wa mchezo huu. Wachezaji wa ndani wanalijua hilo vizuri. Ukiwauliza kama hii ni gofu kamili, wengi watasema si kamili, kisha watakuuliza kama Jumanne ijayo una nafasi ya kuwa mchezaji wa akiba.

Karamu ya mwisho huangukia siku za mwisho za Machi au juma la mashindano ya Masters mwezi Aprili, wakati Georgia, yanakochezwa mashindano hayo, inaonyeshwa kwenye televisheni imechanua maua na maegesho ya Minnesota bado yana vilima vya theluji iliyoingia uchafu. Fedha hugawanywa hadharani, katibu akisoma hesabu kwa sauti. Kabla watu hawajatawanyika hupitishwa karatasi ya msimu ujao. Timu ya zamani ina haki ya kwanza ya usiku wake na saa yake, na haki hiyo haiuzwi. Mtu akihama mji au akifariki, mwenzake aliyebaki ndiye anayechagua nani aingie kwenye nafasi hiyo, na akiomba mwaka mmoja wa kufikiri, katibu huandika jina lake na kuiacha nafasi ya pili wazi, ingawa foleni ya wanaotaka kuingia ni ndefu.