SAMATTA: MGENI ALIYESHIKA JEMBE

Wahenga walituachia maneno mawili yanayogombana juu ya msafiri. La kwanza husema kwamba mtembezi hula miguu yake. La pili husema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Neno la kwanza huilaumu safari, na la pili huitia adabu. Leo tunapenda kuyapima maneno hayo kwa kuitazama safari ya Ndugu Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, ambaye kati ya mwaka 2011 na mwaka 2025 amevaa jezi za klabu saba nje ya mipaka ya Tanzania.

Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kumsifu mtu, kwani sifa amekwisha kuzipata za kutosha. Tunafanya hivyo kwa sababu katika viwanja vya vumbi vya Tangini hapa Kibaha, kama vile katika viwanja vya Mafia, Unguja na Pemba, wako vijana wengi wanaoitamani njia hiyo bila ya kuijua. Na katika ofisi zetu wako viongozi wenye dhamana ya michezo ambao huipigia makofi njia hiyo, lakini hawajaitengeneza.

Kwanza tukumbushane kwamba mchezaji wa kuhamahama si kitu kigeni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ndugu Sunday Manara, aliyekuwa nyota wa Yanga, alivuka hadi Uholanzi akachezea klabu ya Heracles, kisha akapita Marekani na baadaye nchi za Ghuba. Katika kizazi cha Samatta, Thomas Ulimwengu alitoka Lubumbashi akaenda Uswidi, Bosnia, Sudan na Algeria. Naye Simon Msuva amefanya kazi Moroko, Saudi Arabia, Algeria na Iraq. Hao wote ni wafanyakazi waliokwenda ilikokuwa kazi, kama mabaharia wetu walivyozifuata pepo za kaskazi na kusi.

Hali ni hiyo hiyo katika michezo mingine duniani. Katika kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira wake hushikwa kwa mikono, yuko mchezaji wa pembeni ambaye kazi yake ni kukimbia na kupokea mpira unaorushwa na mwenzake. Hata awe na mbio za swala, mwenzake asiporusha vizuri yeye huonekana hafai. Ligi kubwa ya mchezo huo ina timu 32, na kila timu husajili wachezaji 53 tu kwa msimu. Kwa hiyo wengi wao huishi na begi mlangoni, leo mji huu na kesho mji ule. Mkenya Daniel Adongo, aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand, aliingia katika ligi hiyo mwaka 2013 na timu ya Indianapolis Colts, akawa Mkenya wa kwanza kucheza humo. Ilipofika mwaka 2015 alikuwa amekwisha kuachwa. Mshambuliaji wa soka hana tofauti kubwa na mpokeaji huyo. Riziki yake iko katika miguu ya wengine, na lawama huwa ni yake peke yake.

Sasa tuifuate safari yenyewe. Samatta aliinukia katika klabu ya Mbagala Market, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la African Lyon, kisha akajiunga na Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na mwaka huo huo Mazembe ikamchukua. Hapo yafaa tutue kidogo. Kijana huyo hakukimbilia Ulaya. Alikwenda kwanza Congo, katika jiji linalosema Kiswahili, katika klabu yenye fedha, uwanja na nidhamu, akakaa huko karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuishinda USM Alger ya Algeria, na Samatta alifunga katika michezo yote miwili ya fainali. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wanaocheza ndani ya bara hili.

Ndipo alipokwenda Genk ya Ubelgiji. Huko nako hakupita kama mpita njia, bali alikaa miaka minne. Katika msimu wa 2018/19 alifunga zaidi ya mabao 20 ya ligi, Genk ikawa bingwa, naye akatunukiwa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya nchi hiyo. Novemba 2019 aliifunga Liverpool katika uwanja wake wa Anfield, ingawa Genk ilishindwa mabao 2 kwa 1.

Januari 2020 aliingia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Februari alifunga dhidi ya Bournemouth katika mchezo wake wa kwanza wa ligi hiyo. Tarehe 1 Machi alifunga tena Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Michezo yote miwili Villa ilishindwa 2 kwa 1. Siku chache baadaye maradhi ya korona yakafunga viwanja vya dunia. Ligi iliporejea, Villa ilikuwa ikipigania uhai wake, ikanusurika kushuka daraja siku ya mwisho. Samatta alikuwa amecheza michezo 14 ya ligi na kufunga bao 1. Klabu ikanunua mshambuliaji mwingine, na yeye akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki.

Kutoka hapo begi halikukaa chini. Mwaka 2021 Fenerbahçe ilimkopesha kwa Royal Antwerp ya Ubelgiji, na mwaka 2022 ikamkopesha kwa Genk, nyumbani kwake kwa zamani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msimu huo wa 2022/23 ulikwisha kwa uchungu usiosahaulika. Siku ya mwisho Genk ilikuwa mbele ya Antwerp kwa mabao 2 kwa 1, na ubingwa uko mkononi. Katika dakika za nyongeza Toby Alderweireld akasawazisha, na kombe likaenda Antwerp, klabu ile ile ambayo Samatta alikuwa ameiaga mwaka mmoja tu kabla. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alikwenda PAOK ya Ugiriki, na mwaka 2024 akawa bingwa wa nchi hiyo. Mwaka 2025, akiwa na umri wa miaka 32, alihamia Le Havre ya Ufaransa.

Barazani, bara na visiwani, husikika wakisema kwamba Samatta alishuka baada ya Uingereza. Sisi hatukubaliani na hesabu hiyo. Anayehesabu mabao ya Villa peke yake hupima shamba kwa shimo moja. Mshambuliaji aliyetimiza miaka zaidi ya 30, na bado klabu za nchi nne tofauti zimekubali kumlipa baada ya Uingereza na ile ya Genk, hakuwa akisukumwa na bahati. Alikuwa akiajiriwa kwa sababu klabu iliyomtaka ilijua kwamba atafika mazoezini kwa wakati, atajifunza mwendo wa timu, atakubali benchi bila ya kuvuruga wenzake, na siku akihitajika atakuwa tayari. Huko ndiko kushika jembe siku ya tatu. Isitoshe, Taifa nalo amelitumikia. Mwaka 2019, Tanzania iliporejea katika fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, yeye ndiye aliyekuwa nahodha.

Lakini makala haya yangekuwa porojo kama tungeishia hapo. Swali linalotukabili ni hili: kijana akiondoka, nyumbani hubaki nini?

Sheria za shirikisho la soka la dunia, FIFA, zinasema kwamba mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei yake hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 klabu hupata robo ya asilimia moja ya bei, na kwa kila mwaka wa 16 hadi 23 hupata nusu ya asilimia. Tuchukue mfano. Kijana akiuzwa kwa dola milioni 10, klabu iliyomlea kwa miaka miwili tu, tangu 16 hadi 17, inastahili dola 100,000. Kwa klabu ya mtaa kama zile za Tangini, hizo ni fedha za kujenga uwanja, vyoo na chumba cha kubadilishia nguo.

Fedha hizo haziji kwa dua. Tangu Novemba 2022 FIFA imeweka chombo maalumu cha kuzikusanya na kuzigawa, nacho hufuata kumbukumbu za usajili. Klabu isiyosajiliwa, au iliyomchezesha mtoto miaka mitatu bila ya kuliandika jina lake, haina dai. Na kwa ndugu zetu wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama wa CAF ilioupata Machi 2017 ulifutwa Julai mwaka huo huo. Vijana kama Feisal Salum, aliyetoka JKU ya Unguja akaja Yanga mwaka 2018 na baadaye Azam, wametuonyesha kwamba vipaji huvuka bahari kila mwaka. Basi daftari la Unguja na Pemba halina budi kusomana na daftari la bara, ili mlezi wa kwanza wa kijana asipotee kati ya Malindi na Dar es Salaam.

Tunatoa rai kwa maofisa wa michezo wa wilaya, wa Kibaha, Kisarawe na visiwa vyote, waanze na kazi hiyo isiyo na ngoma wala vigelegele: kila klabu isajiliwe, na kila mtoto aandikwe kwa jina lake na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Umri wa uongo ni wizi unaomwibia kwanza mtoto mwenyewe.

Kwa wazazi tunasema, jihadharini na mtu anayekuja na tiketi ya ndege kwa mtoto wa miaka 15. Sheria hizo hizo za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Muulizeni leseni yake, na mkataba usomwe na mtu anayeijua sheria kabla ya kidole kutiwa wino.

Na kwa vijana wenyewe, angalieni kwamba hapa hapa Kibaha zipo shule za Filbert Bayi, mtu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Mbio zilipokwisha alijenga madarasa. Miguu huchoka, na begi siku moja litawekwa chini. Someni, ili siku hiyo iwakute mkiwa na kazi nyingine ya kufanya.

Samatta ameitimiza sehemu yake kwa jasho. Sehemu iliyobaki ni yetu, nayo inahitaji kalamu tu. Mali bila daftari huisha bila habari.