Thamani ya Nyuzi na Thamani ya Matarajio: Mambo Yanayoamua Bei ya Alpaka nchini Peru na Marekani

Makala haya yanafafanua mambo yanayoamua bei ya alpaka, mnyama wa jamii ya ngamia anayefugwa kwa ajili ya nyuzi zake katika nyanda za juu za Andes. Hoja kuu ni kwamba bei hiyo ina sehemu mbili: thamani ya matumizi, yaani nyuzi na nyama, na thamani ya matarajio, yaani fedha ambazo mnunuzi anatumaini kuzipata kwa kuuza watoto wa mnyama huyo. Sehemu hizo zisipotenganishwa, mfugaji hawezi kujua ananunua nini hasa.

Thamani ya matumizi hutegemea kwanza unene wa nyuzi, unaopimwa kwa mikroni. Nyuzi zisizozidi mikroni 20 ni laini na hutafutwa sana. Zinazozidi 30 huwasha ngozi na bei yake ni ndogo. Kwa kuwa nyuzi huongezeka unene kadiri mnyama anavyozeeka, umri hupunguza bei. Rangi nayo ina nafasi yake: viwanda hupendelea nyeupe kwa sababu hupokea rangi yoyote. Nchini Peru, waliko alpaka wengi zaidi duniani, nyuzi huuzwa kwa uzito na mnyama aliyezeeka huchinjwa. Kwa hiyo, bei ya alpaka wa kawaida huko haipandi mbali na thamani ya mazao yake.

Thamani ya matarajio hutokana na jinsia, uzazi na nasaba. Jike hubeba mimba kwa zaidi ya miezi 11 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hivyo kundi hukua polepole. Ndiyo maana jike mwenye mimba huuzwa ghali, dume wa nasaba bora ghali zaidi, na dume aliyehasiwa kwa bei ya chini kabisa.

Marekani inaonyesha kinachotokea sehemu hii ya pili inapoimeza ya kwanza. Alpaka walianza kuingizwa huko kibiashara miaka ya 1980. Mwaka 1998 daftari la nasaba lilifungwa kwa wanyama kutoka nje, na ugavi ukabanwa. Katika kilele cha soko hilo, majike waliuzwa kwa zaidi ya dola 20,000. Alpaka mmoja hutoa takribani kilo 3 za nyuzi kwa mwaka. Ikichukuliwa kwamba kila kilo inauzwa dola 20, mapato ni dola 60, na bei ya ununuzi ingerudi baada ya miaka zaidi ya 330, ilhali mnyama huyo huishi takribani miaka 20 tu. Mwaka 2007, Tina Saitone na Richard Sexton wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walihitimisha kwamba bei hizo hazikuweza kuhimiliwa na mapato ya nyuzi. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 soko liliporomoka, na wanyama wengi wakauzwa kwa dola mia chache au kutolewa bure.

Hasara hiyo haikugawanyika sawasawa. Walioingia mapema walilipwa na waliowafuata; walioingia mwisho, baadhi yao wakiwa wameweka akiba ya uzeeni, walibaki na mifugo inayohitaji malisho bila mnunuzi. Kwa hiyo, tathmini ya mradi wowote wa mifugo wa aina hii haina budi kuanza na thamani ya mazao, kisha iulize ni nani atakayemnunua mtoto wa mwisho.