Mwalimu wa Watoto Wadogo Naye Huhitaji Kubadilishwa Zamu

Askari anayepewa amri ya kwenda kazini mbali huacha nyuma yake mambo mengi, na lililo zito kuliko yote ni watoto. Tangu Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipoanza kuhudumu Somalia, maelfu ya wapiganaji wamekwenda huko na kurudi. Wenzetu wa polisi nao huhamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine kila amri itokapo. Wakati wote huo mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano hukabidhiwa kila asubuhi kwa mwalimu wa shule ya chekechea. Yafaa basi tumtazame mwalimu huyo na kuuliza ni nini kimchoshacho hata akaichukia kazi aliyoipenda.

Uchovu tunaousema si ule wa mwili unaokwisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliueleza mwaka 1974, baada ya kuwatazama wafanyakazi wa kujitolea wa zahanati moja mjini New York. Watu hao walianza kazi kwa ari kubwa, kisha wakaishiwa nguvu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kwamba uchovu huo si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na taabu ya kazini iliyodumu bila kutatuliwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona kwamba lolote alifanyalo halifai kitu. Kwa mwalimu wa watoto dalili hizo huonekana upesi. Sauti hupanda kwa kosa dogo. Mtoto aliaye haulizwi tena analia nini. Nyimbo na hadithi hupungua, na fimbo husogezwa karibu.

Wapo wasemao kwamba mwalimu wa namna hiyo ni mvivu au hana wito. Mwaka 1977 Christina Maslach na Ayala Pines wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa vituo vya kulelea watoto. Mambo waliyoyataja yalikuwa ya mpangilio wa kazi: idadi ya watoto kwa kila mlezi, urefu wa saa za kazi, nafasi ya mlezi kujitenga kidogo na watoto, mikutano ya wafanyakazi, na jinsi shughuli za siku zilivyopangwa. Hatuna budi, kwa hiyo, kuupima mzigo kabla ya kumlaumu aliyeubeba.

La kwanza ni idadi. Mtoto wa miaka minne hawezi kungojea kama kuruta kwenye mstari. Akitaka kwenda msalani ataka sasa hivi. Akianguka ataka kubembelezwa sasa hivi. Jirani zetu wa Tanzania wameweka kiwango cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa darasa la awali. Palipo na watoto 60 kwa mwalimu mmoja, kazi hugeuka kuwa ya kuzuia ajali tu, na mwalimu hurudi nyumbani akijua kwamba hakufundisha kitu.

La pili ni kukosa kubadilishwa. Hakuna kamanda mwenye akili amwekaye askari mmoja lindoni tangu alfajiri hadi jioni, kwa maana macho yaliyochoka hayaoni adui. Lakini mwalimu wa chekechea hula chakula chake huku akiwalisha watoto, na saa ya mapumziko yao ndiyo saa yake ya hatari zaidi, kwa kuwa ndipo wanapokimbia na kupanda miti. Mzazi akichelewa kumchukua mtoto, zamu ya mwalimu huongezeka bila amri wala malipo.

La tatu ni mshahara. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi na mashirika, na gharama yake ikawa juu ya wazazi na walezi. Karo ikichelewa, mshahara huchelewa. Shule za awali zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na kubaki hivyo hadi Januari 2022, palipokosekana karo walimu walikaa bila kipato. Waliorudi walipokea watoto wa miaka mitano ambao hawajawahi kuketi darasani.

La nne ni huzuni ya watoto wenyewe. Mtoto ambaye baba au mama yake yuko vitani hawezi kueleza hofu yake; huieleza kwa kumpiga mwenzake, kukojoa alalapo, au kukataa uji. Mwalimu huyapokea hayo yote kwa uso wa tabasamu, naye hana wa kumpokea yeye. Juu ya hayo, kazi yake huitwa kazi ya yaya, kana kwamba haikuhitaji mafunzo.

Ndugu wapiganaji na askari polisi, hatuwezi kuyaondoa yote hayo, lakini mengine yamo mikononi mwetu. Mzazi na alipe karo kwa wakati, na ampeleke na kumchukua mtoto saa iliyopangwa. Anayeondoka kwenda kazini mbali amwarifu mwalimu mapema, ili mabadiliko ya mtoto yasimshtue. Viongozi wa kambi zenye shule za watoto wadogo nao waulize maswali matatu: kila mwalimu ana watoto wangapi, nani humpokea kwa nusu saa mchana, na ni lini walimu hao huketi pamoja kusikilizana? Msaidizi mmoja wa kupokea zamu ya mchana huenda akafaa kuliko hotuba nyingi za kusifu ualimu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ikiwa sehemu kubwa ya malezi hayo tumeikabidhi kwa mwalimu, basi hali ya mwalimu huyo ni jambo letu pia. Jeshi ambalo askari wake wanajua kwamba watoto wao wako mikononi mwa mtu mwenye nguvu na moyo mkunjufu hulinda mpaka kwa utulivu zaidi.