Kache ya Kompyuta: Yampasayo Mnunuzi Kuyajua

Kibandiko cha kompyuta mpakato dukani huwa na tarakimu nyingi: gigabaiti 8, gigabaiti 512, megabaiti 12. Mara nyingi zote hutajwa kwa neno moja, "kumbukumbu", ilhali ni vitu vitatu tofauti: ramu, diski na kache. Anayevichanganya huweza kulipia kitu ambacho hakumo. Hapa tunaeleza kilicho kidogo kuliko vyote, yaani kache.

Kichakataji hufanya kazi kwa kasi kubwa mno kuliko ramu inavyoweza kukiletea data. Kuipata data iliyo kwenye ramu huchukua muda unaokaribia nanosekunde 100. Iliyo kwenye kache ya karibu kabisa, takriban nanosekunde 1. Pasipo kache, kichakataji kingetumia sehemu kubwa ya muda wake kikingoja.

Mtazame fundi cherehani. Utepe wa kupimia yuko nao shingoni, pini amezichomeka kwenye shati lake mwenyewe. Vitambaa vimo kabatini, na vikiisha hutuma mtu duka la jumla. Shingoni hapabebi vingi, lakini anachokihitaji kila mara kipo hapo. Ndivyo ilivyo kache: huhifadhi nakala ya data iliyotumika punde, pamoja na iliyo jirani nayo, kwa kuwa programu nyingi hurejea pale pale zilipotoka. Kazi hiyo hujiendesha yenyewe; mtumiaji hana la kupanga.

Kwa kawaida kache huwa na ngazi tatu. Ya kwanza ni ya makumi ya kilobaiti tu kwa kila kiini cha kichakataji. Ya tatu hufikia megabaiti kadhaa, na aghalabu viini vyote huishiriki. Udogo huo si ubahili wa watengenezaji. Biti moja ya kache huhitaji kwa kawaida transista 6, ilhali biti ya ramu huhitaji transista 1 na kapasita yake, hivyo kache ni ghali na hula nafasi.

Kache imo ndani ya kichakataji, wala haiongezwi baada ya kununua. Muuzaji akiahidi "kuongeza kache", huenda anamaanisha ramu. Aandike kwenye risiti ni kipi na ni kiasi gani. Katika Windows 10 au 11, kabla ya kulipa, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya utendaji wa kichakataji: ukubwa wa kache huonyeshwa kwa alama L1, L2 na L3. Kwa kazi za kawaida za ofisi, tunaona ni afadhali fedha za ziada ziende kwenye ramu na diski ya SSD.

Ile kache ambayo simu hukutaka uifute ni kitu kingine, japo jina ni moja. Hiyo ni mafaili ambayo programu zimeyaweka kwenye hifadhi ya simu. Ukiyafuta unapata nafasi, lakini kurasa huchelewa kidogo kufunguka safari inayofuata.