Chama cha PRP: Chimbuko, Msimamo na Hatima ya Itikadi Yake Butembo na Beni

Utangulizi

Vyama vya Kongo ya mashariki vilivyofuata itikadi ya Marx na Lenin vilikuwa vichache na vidogo. Kimojawapo ni Parti de la Révolution du Peuple, yaani Chama cha Mapinduzi ya Umma, ambacho hujulikana zaidi kwa kifupi PRP. Chama hiki ndicho alichokiongoza Laurent-Désiré Kabila kwa takriban miaka 30 kabla hajawa rais wa nchi mwaka 1997. Makala haya yanaeleza chimbuko na msimamo wa PRP, kisha yanachunguza ni kiasi gani cha itikadi hiyo kilichoifikia miji ya Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini, wakati wa ushindi.

Chimbuko

PRP kilizaliwa kutokana na kushindwa. Mwaka 1964 wapiganaji walioitwa Simba, waliojitangaza kuwa warithi wa Patrice Lumumba, waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, Beni na Butembo zikiwemo. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na uasi ukaanza kuporomoka. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika akitokea Kigoma ili kuwasaidia waasi waliobaki upande wa Fizi. Wakuba hao walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, na Guevara mwenyewe Tatu. Waliondoka Novemba mwaka huohuo. Guevara aliandika kwamba nidhamu ilikosekana, viongozi walikaa mbali na uwanja wa vita, na wapiganaji waliitegemea dawa ya kuzuia risasi kuliko mafunzo.

Tarehe 24 Desemba 1967 Kabila na wenzake walianzisha PRP katika milima ya Fizi. Makao yao yaliitwa Hewa Bora.

Msimamo

Mafundisho ya Mao Zedong ndiyo yaliyokiongoza chama. Kwanza, mkulima alihesabiwa kuwa nguvu kuu ya mapinduzi, na vita vilitazamiwa kuwa vya muda mrefu, vikianzia vijijini na kuizunguka miji. Pili, adui alikuwa utawala wa Mobutu pamoja na ubeberu uliouegemeza. Tatu, elimu ya siasa ilipaswa kuitangulia bunduki, kwa kuwa mwaka 1964 bunduki ilikuwa imetangulia.

Utekelezaji ulikuwa mgumu. Eneo la chama liliendeshwa kwa kilimo na kwa biashara ya dhahabu na pembe za ndovu iliyovuka ziwa. Mei 1975 wapiganaji wake waliteka watu wanne katika kituo cha utafiti cha Gombe, Tanzania, wakadai fidia. Mji wa Moba ulishambuliwa Novemba 1984 na tena Juni 1985, lakini haukushikiliwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ngome ya Fizi ilikuwa imedhoofika sana.

Butembo na Beni

Butembo na Beni ziko mbali kaskazini mwa Fizi, na PRP hakikuwa na mizizi huko. Aidha, mazingira ya kijamii yalikuwa tofauti. Butembo ni mji uliokuzwa kwa kiasi kikubwa na wafanyabiashara wa Kinande wenyewe, na mara nyingi mfanyabiashara wa mjini na mkulima wa kahawa au mboga wa kijijini ni watu wa ukoo mmoja. Nadharia inayowagawa watu kwa matabaka ilihitaji kufafanuliwa upya kabla ya kueleweka hapo. Ufafanuzi huo haukufanyika.

Kilichofika Beni na Butembo mwishoni mwa 1996 si chama, bali muungano. AFDL, ulioundwa Lemera Oktoba 1996, ulikusanya vyama vinne, PRP kikiwa kimoja tu, na ulisonga mbele kwa nguvu za majeshi ya Rwanda na Uganda. Ukomunisti haukutajwa tena. Neno lililosikika lilikuwa ukombozi. Pamoja nalo lilienea neno kadogo, jina la watoto walioingizwa jeshini baada ya mafunzo mafupi. Hivyo kanuni ya elimu kabla ya bunduki ilivunjwa hadharani, na waliolipa gharama yake walikuwa watoto wa wakulima walewale.

Wakati huohuo, katika vijiji vya Beni na Lubero, Mai-Mai walipigana wakiamini kinga ya maji yenye dawa. Kabila alipovunja uhusiano na Rwanda na Uganda mwaka 1998, aliwategemea wapiganaji hao dhidi ya waasi wapya. Imani iliyolaumiwa Fizi mwaka 1965 ikawa sasa silaha ya serikali.

Hitimisho

Kabila aliuawa Januari 2001. PRP kilikuwa kimejifunza kutokana na makosa ya 1964, lakini ushindi ulipokuja kwa haraka na kwa nguvu za wengine, mafunzo hayo yaliachwa njiani. Butembo na Beni zilipokea msamiati wa mapinduzi bila mafundisho yake. Mtafiti wa Kiswahili cha eneo hilo anapokutana na neno ukombozi hana budi kukumbuka kwamba, kwa wasemaji wengi, neno hilo ni jina la vita vya 1996 kabla ya kuwa jina la uhuru.